Samaki wa Kwanza wa Peigi

Nyumba ya Mtoni, Fennach
Sutherland, Uskoti
19 Februari 1963

Mdogo wangu Dolina,

Naamini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na Ewen, na kondoo wenu wote msiojua hata idadi yao. Mimi sijambo. Moss yuko chini ya meza ananuka kama mbwa yeyote aliyelowa, naye anakusalimu. Kuku wamegoma kutaga tangu Krismasi. Nimewatishia supu, hawajali. Mchungaji wetu amehubiri juu ya ulevi Jumapili tatu mfululizo, na kanisa zima linajua anamsema nani, isipokuwa huyo anayesemwa.

Baridi ya mwaka huu imetukalia vibaya. Mto uliganda ukingo hadi ukingo mwezi wa Januari, na hata siku ya kufungua msimu wa samoni, tarehe kumi na moja mwezi huu, vipande vya barafu vilikuwa bado vinapita kama sahani. Kilindi cha Kinu peke yake ndicho kilichokuwa wazi. Bibi mwenye shamba akamimina wiski mtoni kama kawaida, akasema maneno yake, nasi tukaimalizia chupa ili isirudi nyumbani bure. Mto ulipata fungu dogo.

Tulikuwa na mgeni mmoja, daktari kutoka Edinburgh, mtu mwema, lakini anarusha mshipi kama anafukuza nyuki. Mungu si Athumani, saa tano na nusu samoni akanasa kwenye ndoana yake. Ratili tisa, mweupe wa kung'aa. Nilimtoa kwa mkia, nikampiga rungu, nikamfunga kwenye matete, nikampandisha mwenyewe kwa Peigi Vass bila mkono mwingine kumgusa, kama desturi inavyotaka. Peigi ametimiza miaka tisini na mmoja. Tangu awe ndiye mwanamke mkubwa kuliko wote bondeni, huu ni mwaka wa kumi na tano anapelekewa samaki wa kwanza, na nadhani anakataa kufa kwa sababu hiyo tu.

Nina ombi dogo. Barua zako ziandike kwa wino mweusi. Huo wa bluu unafifia njiani, sijui ni joto la ndani ya ndege au posta wanaziosha. Na ukiandika kubwa kidogo haitadhuru. Mwandiko wako umekuwa wa sisimizi.

Ni mimi kaka yako,
Farquhar


Shamba la Tait, Southland
New Zealand
12 Machi 1963

Kaka Farquhar,

Haya, wino mweusi ndio huu. Nimeununua mjini kwa ajili yako tu, kwa hiyo uusome kwa heshima.

Huku hatujambo. Kiangazi kinakwisha, nyasi zimekuwa rangi ya mkate, na kondoo wamekwisha kunyolewa. Habari kubwa ni kwamba mwanangu Ewen anaoa mwezi wa Mei. Binti ni mzuri, anaitwa Nola, ana sauti ya kuita kondoo walio mlima wa pili. Tangu mume wangu Wallace afariki nyumba hii ilikuwa kimya mno. Sasa nitatamani ule ukimya.

Sasa nikuulize. Barua yako ina kurasa sita, na zamani maneno hayo yangeenea kwenye ukurasa mmoja na nafasi ya kuchora samaki ikabaki. Unaandika kama unaandikia ubao wa shule. Kisha unaniambia mwandiko wangu ndio wa sisimizi. Mwandiko wangu ni uleule aliotufundisha Mama, pima kwa rula ukitaka.

Na jambo la pili. Kila mwaka huniambia Peigi alimpikaje samaki wake. Alimchemsha, akalalamikia chumvi, akakupa kichwa ukakitafune na mbwa. Mwaka huu umemfikisha mlangoni kwake ukanyamaza. Alimpikaje?

Ewen amepata ruhusa ya kuvua trauti kwenye kijito cha jirani, na mimi mkono unaniwasha. Nifungie vile vyambo vya manyoya vya Baba, Mwekundu wa Fennach, vitatu vidogo, unitumie ndani ya barua. Kwako ni kazi ya nusu saa. Nataka nimwonyeshe mkwe wangu kwamba hakuolewa katika ukoo wa wachunga kondoo watupu.

Nakuombea mayai,
Dolina


Nyumba ya Mtoni, Fennach
27 Mei 1963

Dolina mpenzi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi zimenibana. Mwezi wa Machi mto ulijaa, Aprili ukakauka, na wageni walinung'unika yote mawili kana kwamba mimi ndiye mwenye mfereji. Kuku wametaga, ombi lako limesikika. Hongera kwa harusi ya Ewen. Mwambie asimwache mkewe apange upya jikoni mwako.

Kesho ni siku ya kuhama. Wale wa nyumba ya juu, Gilbert na mkewe, wanafungasha leo. Mgongo wake haumruhusu tena kubeba wavu, na unajua mambo yalivyo hapa, kazi ikienda nyumba inakwenda nayo. Nimemsaidia kupakia kabati. Mkewe ameosha sakafu yote kabla hata hawajatoka, sijui anamwoshea nani. Nilirudi nyumbani nikakaa tu.

Vyambo vyako ndivyo hivi, vitatu, nimevifunga mwenyewe wiki iliyopita.

Peigi hajambo.

Farquhar


Shamba la Tait
14 Juni 1963

Kaka,

Salamu kutoka kwa Ewen, na kutoka kwa Nola ambaye amekwisha kupanga upya jikoni. Chumvi sasa iko juu ya dirisha. Kuna baridi kali, maji ya kuku yanaganda, na mimi nimehamia chumba kile kidogo cha nyuma ili wawili hao wapate nafasi. Ni chumba kizuri. Kina dirisha.

Vyambo nimevipokea. Ni vizuri sana. Tatizo ni kwamba nimevifunga mimi.

Usinizungushe, Farquhar. Mimi natumia mkono wa kushoto, na uzi wa mtu wa mkono wa kushoto unazunguka ndoana kinyume. Viangalie vyako na vya mtu yeyote mwingine bondeni, vyote vinakwenda upande mmoja, hivi vinakwenda upande wa pili. Na hariri yenyewe nyekundu ilitoka kwenye pindo la gauni la Mama, nililikata mwaka 1931 akanichapa. Umevitoa kwenye lile kopo la biskuti lililo juu ya kabati, ukanitumia kazi yangu mwenyewe ya miaka thelathini na miwili, ukasema wiki iliyopita.

Mtu aliyekuwa anafunga chambo huku anasimulia hadithi na kunywa chai hawezi tena kufunga. Mtu anataka wino mweusi. Mtu anaandika maneno manne kwa mstari. Sina digrii, lakini najua kujumlisha.

Macho yako yana nini?

Dolina


Nyumba ya Mtoni, Fennach
22 Julai 1963

Dolina mdogo wangu,

Naamini hujambo na baridi ya huko imelegea. Hapa mvua nzuri zimenyesha, viazi vimestawi, Moss ameng'ata mguu wa suruali ya mchungaji na hakuna aliyemkemea. Jirani yangu mpya wa nyumba ya juu ana filimbi kubwa ya mfuko wa ngozi, anaipuliza kila jioni isipokuwa Jumapili. Naipenda Jumapili kuliko zamani.

Nilikusudia kukujibu mwezi uliopita. Niliandika barua nzima ya hali ya hewa, nikaichoma.

Umenikamata. Nina doa katikati ya kila ninachokitazama, macho yote mawili. Pembeni naona. Mtu akisimama mbele yangu, masikio yake yapo, uso haupo. Mchungaji hupotea kichwa katikati ya mahubiri, na hapo sihuzuniki sana. Lilianza baridi ya mwaka juzi, dogo kama tone la wino, sasa ni kama sarafu. Nilikwenda Inverness kimyakimya mwezi wa Aprili, nikasema nakwenda kununua kamba. Daktari wa macho akaniambia halina dawa wala kisu, na haliendi popote ila kukua. Nilinunua kamba, nikarudi.

Sasa la Peigi, maana ndilo ulilouliza kwanza na ndilo lililonishinda kuandika.

Mwezi wa Juni, barua yako ilipofika, nilipanda kwake. Alikuwa nje anakwangua sufuria. Tukasema ya mvua, tukasema ya Gilbert, kisha nikamuuliza yule samaki wa Februari alikuwaje.

"Mzuri," akasema.

"Ulimpikaje?"

Akakwangua sufuria muda mrefu. "Nilimpika chini ya viazi, Farquhar. Alikuwa mzazi."

Mtoto wa miaka saba hapa anamtambua mzazi. Samaki amekwisha kutaga, amekonda anarudi baharini akajinenepeshe, na njiani anajisafisha mpaka anang'aa kama mpya. Lakini ukimtazama unamjua, kiuno kimeingia, kichwa kimekuwa kikubwa kuliko mwili, mashavu yamejaa wadudu weupe. Unamtoa ndoana taratibu, unamshikilia majini mpaka apate pumzi, unamwachia. Kumuua ni kosa la sheria, na hapa sheria ndiyo ndogo, aibu ndiyo kubwa. Na mimi, kiongozi wa wavuvi wa mto huu kwa miaka thelathini, nimempiga mzazi rungu mbele ya watu kumi na wawili wenye wiski mkononi, nikamfunga matete, nikamzawadia mwanamke mkubwa kuliko wote bondeni. Niliona weupe wa pembeni, katikati sikuona kitu. Daktari wa Edinburgh hajui tofauti, na wengine hawakusogea kwa sababu samaki yule hashikwi ila na mimi.

Peigi alimzika kabla paka hajaamka. Kisha akawaambia watu wote kwamba hajala samoni mtamu kama yule tangu kutawazwa kwa mfalme, sikumbuki mfalme yupi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ningekwambia wewe, ungemwambia msimamizi Pirie, na Pirie angekutoa kwenye nyumba." Kisha akasema jambo ambalo sikulielewa. Alisema nyumba yetu iliwahi kuleta mzazi hapo kwake mara moja, enzi za mama yake. Nilipouliza lini, akasema, "Muulize Dolina."

Basi nakuuliza.

Pirie, yule msimamizi wa shamba, mtoto wa Pirie mkubwa, anakuja mwisho wa Septemba na daftari lake, kuandika nani anaendelea na nani anahama Mei. Mimi nimezaliwa katika chumba hiki ninachoandikia. Sijui kulala pasipo sauti ya ule mto. Nimekata shauri kunyamaza. Nimejifunza kutambua samaki kwa mkono, nampitishia kidole kwenye mashavu na kiunoni. Na sasa ni msimu wa trauti wa baharini, tunavua usiku, gizani hakuna mwenye macho. Wageni wanajikwaa, wanashika koti langu, mimi nasikiliza samaki akigeuka chini ya miti ya upande wa pili nawaambia warushe wapi. Wiki iliyopita tulipata kumi na wanne. Huko nakuwa mtu mzima tena. Mchana ndio adui.

Nakuomba jambo moja, usimwambie mtu, hata Ewen. Barua yako itakuja, nitaisoma kwa ile lenzi ya Mama, nitaichoma.

Kaka yako


Shamba la Tait
9 Agosti 1963

Kaka yangu Farquhar,

Tuko salama. Wana-kondoo wa kwanza wamezaliwa kwenye matope, Ewen halali, Nola anapika vizuri kuliko nilivyotaka. Nimeiandika barua hii mara nne. Nimeiandika kubwa ili usiumie.

Peigi anasema kweli. Ilikuwa Februari 1930. Baba alimpiga rungu mzazi kabla sijamfikia, akampeleka juu, na mama yake Peigi akakaa kimya vilevile.

Baba alikuwa haoni, Farquhar. Doa hilohilo, katikati hivyohivyo. Lilianza nikiwa na miaka kumi na sita. Wewe ulikuwa Glasgow unapiga misumari ya meli na kutuandikia juu ya mpira wa miguu. Mama alikuwa anajua, mimi nilikuwa najua, na ndani ya nyumba hatukulitaja hata siku moja. Baba alisema tu, "Dolina, njoo unibebee mfuko." Nikambebea mfuko miaka minne. Nilisimama nyuma yake na kumvuta koti, mara moja samaki yuko kushoto, mara mbili yuko kulia, mkono bapa mgongoni maana yake acha, huyo ni mzazi. Wageni walisema mzee Gunn ana macho ya mwewe. Walimpa Baba tumbaku, mimi wakanipa peremende. Vyambo vyote tangu mwaka wa ishirini na tisa ni vyangu. Ule Mwekundu wa Baba unaosifiwa mpaka Inverness, Baba hakuwahi kuuona vizuri.

Sasa lile la Septemba 1933. Niliomba ruhusa niende ngomani Golspie. Baba akasema, nenda, kesho tuna mgeni mmoja tu, nitamweka kwenye kilindi cha chini pasipo na hatari. Nikaenda. Nilivaa viatu vya Mama. Mgeni hakukaa huko chini, ndoana yake ikanasa ng'ambo ya Kilindi cha Kinu, Baba akaingia majini kuinasua, akapitia yale mawe aliyopitia maisha yake yote. Watu walisema mafuriko yamemchukua, nawe umeandika hivyo hivyo kwenye jiwe la kaburi. Hapakuwa na mafuriko. Maji yalikuwa yamepanda shubiri moja, yakafunika jiwe la tatu, na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kumwambia hivyo alikuwa Golspie anacheza.

Ulipokuja kwa maziko, Pirie mkubwa alikupa kazi na nyumba siku ileile, pale mezani. Mimi nilikuwa nimeshika birika la chai. Niliujua mto kuliko wewe, kila jiwe, na hakuna aliyegeuza shingo kunitazama, hata wewe. Nilitaka kusema. Lakini ningesema kazi ni yangu, ningesema na sababu, na sababu ingekuwa Baba alidanganya miaka minne na mimi nikamwacha peke yake siku moja. Nikamimina chai. Mwaka uliofuata nikaolewa na mtu wa kwanza aliyetaja nchi ya mbali, naye akawa mume mwema, kwa hiyo sijuti hilo.

Sikukwambia kwa sababu niliona haya. Sasa naona hofu, nayo ni mbaya zaidi. Wewe unayafanya yaleyale kwenye maji yaleyale, tena bila mtu wa kukuvuta koti. Nyumba ni nyumba. Nimeishi kwenye tatu na zote zilikuwa na mlango. Nenda kwa Pirie kabla Pirie hajaja kwako, umwambie mwenyewe kwa mdomo wako.

Na barua hii usiichome.

Dolina


Nyumba ya Mtoni, Fennach
8 Oktoba 1963

Dolina dadangu,

Shikamana na kiti. Niko hai, niko mzima, Moss ni mzima, kuku ni wazima. Majani ya miti yamegeuka na msimu umefungwa.

Barua yako niliisoma kwa siku tatu, kwa sababu ya lenzi na kwa sababu ya mambo yaliyomo. Siku ya kwanza nilikukasirikia. Siku ya pili nilikwenda kaburini kwa Baba nikasoma jiwe lile kwa kidole, nikalia kama mtoto, na yule wa filimbi alinikuta akajifanya anatafuta kondoo. Siku ya tatu nilimlisha Moss mara mbili kwa kusahau. Kisha nikatulia.

Kwanza nisamehe. Nakumbuka ile chai. Nakumbuka nilinyoosha kikombe na sikumtazama aliyekuwa anamimina. Nilifurahi kupata kazi, Dolina, siku ya maziko ya Baba nilifurahi, na furaha hiyo sikuwahi kumwambia mtu. Nimelala miaka thelathini kwenye nyumba yako. Na lile la Golspie liache. Ulikuwa na miaka ishirini, na alikutuma mwenyewe uende. Angekuona na viatu vile angecheka.

Nilikwenda kwa Pirie tarehe ishirini na tano Septemba, kabla ya daftari. Nilivaa tai. Nilimwambia yote, macho, Inverness, mzazi wa Februari. Nilipofika kwa yule mzazi aliweka kalamu chini. Mimi uso wake sikuuona, niliona masikio tu, yalikuwa mekundu. Akasema ni jambo zito. Nikamwambia najua uzito wake, nilimbeba mwenyewe mpaka kwa Peigi. Akaniambia kwa upole, na nadhani upole wake ni wa kweli, kwamba hawezi kumweka mgeni mikononi mwa mtu asiyeona, na kwamba nitaondoka Mei pamoja na nyumba. Akaniuliza basi, kama mtu anayejua mto huu, ningempendekeza nani.

"Dada yangu," nikasema.

Alidhani natania. Nikamwambia yale ya miaka minne, nikamsomea barua yako, ile sehemu ya koti. Nilikuwa nimeihifadhi kichwani.

"Mto huu haujawahi kuwa na mwanamke kiongozi," akasema.

"Umewahi kuwa naye miaka minne, na baba yako alimnyooshea kikombe amwongezee chai."

Akachukua tena kalamu, akasema angezungumza na bibi mwenye shamba. Bibi mwenye shamba, kumbe, akiwa binti wa miaka tisa alimwona msichana akivuta koti la mzee Gunn, akadhani ni mchezo, na miaka yote hii alikuwa akijiuliza ni mchezo gani.

Neno lao ndilo hili. Msimu mmoja wa majaribio. Mchana ni wako, samoni ni wako, nyumba inaandikwa jina lako, si langu. Usiku wa trauti wa baharini nibaki mimi, lakini nikae ukingoni, nisitie mguu majini. Ukikataa, Mei nafungasha na nitaosha sakafu kama mke wa Gilbert. Sitakulaumu.

Ile fimbo yako ndefu ya mshipi bado iko chini ya paa. Kila Novemba nimeipaka mafuta. Nilikuwa najiambia ni kwa sababu mbao nzuri haifai kuharibika. Peigi anasema mwaka ujao akiletewa tena mzazi atasema hadharani, basi tahadhari.

Nilitaka kumaliza kwa kusema nafasi ipo tu, uamuzi ni wako. Lakini nimechoka kuandika nusu ya ninachotaka kusema. Njoo nyumbani, Dolina. Nakuomba.

Farquhar


Shamba la Tait
30 Oktoba 1963

Kaka,

Ewen na Nola hawajambo. Nola ana mimba na ana haya, wala hajui kwamba nimejua. Nimewaambia chumba cha nyuma kinafaa mtoto, kina dirisha.

Meli inatoka Wellington tarehe tano Desemba, nitafika Uskoti katikati ya Januari nikijaliwa. Nitakuwa na sanduku moja. Nina miaka hamsini na goti moja bovu, mwambie Pirie asije akasema nilimficha kitu.

Masharti yangu ni haya. Chumvi inakaa karibu na jiko. Mbwa halali jikoni. Samaki wa kwanza nitamtazama mimi kabla rungu halijainuliwa, nawe utampandisha kwa Peigi, kwa sababu miguu yako ni mizuri kuliko yangu na anakupenda zaidi. Tutakwenda kaburini pamoja, na lile neno mafuriko kwenye jiwe tutaliacha kama lilivyo. Limenitunzia siri vizuri.

Nimevifungua vile vyambo vitatu na kuvifunga upya, hariri ilikuwa imeoza. Nakuja navyo.

Kilindi cha Kinu, jiwe la tatu halipo pale unapodhani. Usikanyage maji kabla sijafika.

Dolina